Ufundi wa Visu: Kazi Njema kwa Saa za Mapumziko Huko Ogembo

Katika soko la Ogembo, kama katika masoko mengine ya nchi ya Wakisii, kisu ni kitu kipatikanacho kwa fedha chache. Kimetengenezwa kwa mtambo katika nchi ya mbali, mpini wake ni wa plastiki, na kengee yake yang'aa kama kioo. Mama hukinunua, akamenyea ndizi na kukatia sukuma wiki, na baada ya muda mfupi hulalamika kwamba kimekuwa butu na mpini umelegea. Basi hununua kingine. Hakuna amwulizaye mwuzaji kwa nini kisu hakikai na makali, kwa kuwa mwuzaji mwenyewe hajui, naye aliyekitengeneza hayuko hapa apate kuulizwa.

Walakini chuma kifaacho kwa kisu bora kimelala bure nyuma ya gereji: mabamba ya springi za malori yaliyovunjika, na tupa zilizokwisha meno. Mtu mwenye saa chache za mapumziko kila juma, awe mwalimu, karani, mkulima wa chai, au kijana aliyemaliza shule na bado angoja kazi, aweza kukigeuza chuma hicho kuwa kisu kitakachomtumikia miaka mingi. Vyombo vya kuanzia ni vichache. Lakini tangu mwanzo yafaa lisemwe jambo moja ambalo wengi hawalijui: kinachokifanya kisu kuwa kisu si nyundo wala tupa, bali ni moto. Sura yake yaweza kupatikana kwa siku moja au mbili. Uzima wake hupatikana katika dakika chache za mwisho, na ndipo hapo wengi huiharibu kazi yao yote.

WAHUNZI WA ZAMANI

Wakisii si wageni wa ufundi huu. Kabla ya kuja kwa Waingereza, kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma yaliyopatikana nchini mwao, na kufua zana kwa chuma hicho, ilihesabiwa kuwa ufundi mgumu kupita wote, tena wenye thamani kubwa. Vyungu walizoea kuvinunua kwa Wajaluo, lakini zana za shamba, silaha na mapambo ya chuma walijifulia wenyewe. Jirani zao Wamasai waliwatenga wahunzi wao, waitwao Ilkunono, wakawahesabu kuwa watu duni. Kwa Wakisii haikuwa hivyo hata kidogo. Mhunzi hakuwa wa tabaka la kutengwa. Alikuwa mtu kama wengine, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa na faida njema, mara nyingi alipata mali na sauti mbele ya wenzake. Ni kweli kwamba ufundi huo ulikuwa wa wanaume peke yao. Siku hizi hatuoni sababu hata moja ya kumzuia msichana mwenye mkono mtulivu, maana katika kazi ya visu mkono mtulivu wafaa kuliko mkono wenye nguvu.

Atakaye kujua jinsi makali yalivyoweza kuaminiwa katika nchi hiyo na awakumbuke ababari, yaani waganga wa Kikisii waliopasua vichwa. Mtu alipoumia kichwa, akasumbuliwa na maumivu yasiyokwisha, omobari alikata ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa ulioharibika taratibu kwa chuma chenye makali, akiangalia sana asiuguse utando wa ubongo ulio chini yake. Madaktari wa hospitali waliwaona watu waliokwisha kupasuliwa hivyo, wakastaajabu kuona wengi wao wangali hai. Na katika mwaka 1958 jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapa makala juu ya jambo hilo. Hatuwashauri wasomaji wetu wapeleke vichwa vyao kwa mtu asiye daktari. Tunasema tu kwamba chombo cha kazi kama ile hakikuweza kuwa cha ovyo.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1907 Waingereza wakaweka kituo chao cha utawala Kisii. Majembe ya kiwandani na vyuma vya kigeni vikaingia kwa wingi, na taabu ya kuyeyusha mawe ikakosa maana. Mambo yalikwenda vivyo hivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, tanuri zilikuwa zimekwisha kuachwa zamani wakati wataalamu walipowaomba wazee waliofanya kazi hiyo ujanani wazijenge tena. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978: mababu wa Wahaya walijua kupata chuma cha pua katika tanuri zao yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, kwa kuipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Basi kijana wa Ogembo ashikaye nyundo leo asidhani kwamba anaiga mchezo wa Wazungu.

CHUMA KIPI, NA MOTO WA NAMNA GANI

Si kila chuma kifaacho. Nondo za kawaida za ujenzi zina kaboni kidogo mno, na hata ukizipasha moto na kuzichovya mara kumi hazitakuwa ngumu. Kisu cha nondo ni kijiko tu chenye ncha. Springi ya gari ina kaboni kiasi cha sehemu 6 katika kila sehemu 1,000, na tupa nzuri ina sehemu 10 au zaidi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika hesabu, lakini ndiyo itenganishayo kisu na kipande cha bati. Springi huvumilia kupigwa, kwa hiyo yafaa kwa panga na kisu cha shamba. Tupa hushika makali makali sana, lakini huvunjika upesi ikitumiwa vibaya. Vyuma vilivyopakwa zinki, kama mabati na mabomba ya maji, visitiwe motoni kamwe, kwa sababu moshi wake humletea mtu homa na kifua kubana.

Kwanza chuma hulainishwa. Kipashe hata kiwe chekundu, kisha kifukie katika majivu makavu kipoe polepole usiku kucha. Asubuhi tupa itakikata bila matata. Chora sura ya kisu juu ya bamba, na hapa mtu wa Ogembo ana bahati, maana kipande cha jiwe laini kutoka Tabaka chaandika vizuri juu ya chuma, na alama yake haiungui upesi motoni kama ya chaki. Kata kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa. Mwenye fuawe na nyundo aweza kufua badala ya kukata, lakini si lazima; kipande cha reli hutosha kuwa fuawe, na wako wafanyao visu vizuri ambao hawajapiga nyundo hata mara moja. Toboa matundu ya mpini katika msuka sasa, kwa sababu baadaye chuma kitakuwa kigumu kuliko keekee yako. Wala usimalize makali: yaache na unene wa sarafu, kwani makali membamba hujikunja au kupasuka katika kuchovya.

Tanuri yaweza kuwa karai kuukuu lililokandikwa udongo wa mfinyanzi, lenye bomba la kupitishia hewa, na mivukuto au kipepeo cha kuzungushwa kwa mkono. Makaa na yawe ya miti migumu. Fanya kazi hii jioni au kivulini, maana katika jua kali jicho hudanganyika, na rangi ya chuma ndiyo kipimo chako. Tena chukua sumaku, hata ile itolewayo katika spika ya redio mbovu, uifunge kwenye ncha ya waya. Chuma kikifika joto la yapata digrii 770 za sentigredi, sumaku haitakinasa tena. Ongeza moto kidogo tu kupita hapo, mpaka rangi iwe sawasawa toka ncha hata shinani, kisha kichovye mara moja, ncha ikitangulia, katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Kisizungushwe pembeni, kisije kikapinda. Kuna wapendao maji kwa sababu ni ya bure, na sauti yake yafurahisha. Lakini maji hupoza kwa ghafula mno, na mara nyingi mtu husikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, akajua kwamba kazi ya siku tatu imepasuka.

Kipitishe tupa juu ya makali yaliyochovywa. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Ikiuma, rudi motoni. Wengi hufika hapo wakafurahi, wakatia mpini. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Kisu kilicho katika hali hiyo ni kigumu kama chupa, na kama chupa kitavunjika kikianguka sakafuni. Hapana budi kirudishiwe joto dogo ili ugumu wake upungue kidogo na ushupavu uongezeke. Mwenye tanuri ya mikate akiweke humo kwa muda wa saa mbili katika joto la digrii 200 na kidogo. Asiye nayo ajaze mchanga mkavu katika sufuria, aiweke juu ya makaa, akikwangue kisu upande mmoja mpaka king'ae, akilaze juu ya mchanga, kisha aangalie bila kupepesa. Rangi itakuja pole pole: kwanza ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, mwisho buluu. Kisu cha jikoni kiondolewe kikiwa na rangi ya majani makavu. Panga la springi lingoje mpaka karibu na buluu, maana litapiga miti na mawe. Mtu aliyekwisha kuziona rangi hizo zikitembea juu ya chuma chake mwenyewe hawezi kuuliza tena kwa nini watu hupoteza Jumamosi zao kwa kazi hii.

Mpini waweza kuwa wa mti wo wote mgumu uliokauka vizuri, au wa pembe ya ng'ombe. Uutie pini mbili za shaba nyekundu au hata za misumari, pamoja na gundi. Usiufanye mnene kwa ajili ya uzuri. Mkono wa mama anayemenya ndizi nyingi za kuuza utachoka upesi kwa mpini mzuri uliozidi.

WANUNUZI WALIO KARIBU

Tumeitaja Tabaka, na haifai kuipita haraka. Huko ndiko lichimbwako jiwe laini la Kisii, na sanaa yake imefika mbali: sanamu ya ndege wa amani ya mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kiboko, sahani na sanamu nyingi ndogo ziuzwazo kwa watalii zimeanza kwa panga, zikaendelea kwa kisu, kisha zikasuguliwa kwa msasa na maji. Jiwe hilo ni laini hata ukucha waweza kulikwaruza, lakini punje ngumu zilizomo hula makali siku nzima. Mchongaji hahitaji kisu kirefu wala cha kutisha. Ahitaji kengee fupi ya tupa, yenye ncha iliyopinda kidogo au iliyonyooka kwa kadiri ya mkono wake, nayo iwe ngumu kuliko ya jikoni. Duka haliuzi kitu cha namna hiyo. Fundi aliye tayari kukaa na mchongaji, amtazame anavyoshika, kisha amfanyie kisu cha mkono wake, atapata mteja. Na pia atajifunza zaidi ya yale awezayo kuandikiwa gazetini.

Yako maonyo mawili. Vumbi la tupa na la msasa ni adui wa mapafu, na cheche ni adui wa macho. Miwani ya kazi na kitambaa cha kufunika pua si mambo ya woga. La pili ni juu ya wanunuzi. Sheria ya Kenya haimkatazi mtu kuwa na kisu cha kazi, bali yakataza silaha katika mikutano na maandamano. Ajapo mtu asiyejulikana kutaka mapanga ishirini yenye ncha kwa siku tatu, hasa majira ya uchaguzi, fundi mwenye akili atasema kwamba makaa yamekwisha.

Kabla ya kukitoa kisu mkononi, kijaribu. Bonyeza makali yake taratibu juu ya fimbo nyembamba ya shaba, ukitazama kwenye mwanga: yakijipinda kidogo na kurudi mahali pake, moto ulikuwa sawa, yakibaki yamepinda, kisu ni laini, yakimeguka, kilikosa ile joto ya pili, nacho kirudi kwenye mchanga. Kikifaulu, kinoe juu ya jiwe lenye maji, kikaushe, kipake mafuta kidogo, maana chuma cha springi hushika kutu kwa usiku mmoja katika unyevu wa vilima vile, na umwambie atakayekitumia asikiache ndani ya beseni la vyombo.