Pumziko Wakati wa Kuhama



Hapa Bulyaga, katika mji wa Tukuyu, mvua ni nyingi, na mara kwa mara ukungu hushuka toka mlima Rungwe hata njia isionekane. Mtu aijuaye nchi hii, ukungu ukimkuta penye mteremko, hakimbii. Hutua mzigo wake, hungoja, kisha huendelea. Leo twataka kueleza habari za ukungu wa namna nyingine, yaani siku zile mtu atokapo katika hali moja na kuingia katika hali nyingine: mwanafunzi aachaye kwao kwenda chuoni, bibi arusi aingiaye nyumba ya ugenini, mjane, na mzee aliyemaliza kazi yake. Siku hizo usingizi huruka, na wengi hudhani kwamba Mungu amebaki nyuma katika nyumba waliyoiacha. Husema, "Nitapumzika mambo yakiisha kutengenea." Neno hilo lina hatari. Mtu aliyechoka huamua vibaya: mwanafunzi hutoroka masomo, na mjane huuza shamba kabla machozi hayajakauka.

Wazee wa Kinyakyusa waliijua hatari hiyo. Zamani, mtoto wa kiume alipopata umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala pamoja na vijana wa rika lake katika kijiji chao wenyewe. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hii kati ya miaka 1934 na 1938, waliandika habari za desturi hiyo. Yafaa tuangalie jinsi ilivyotengenezwa. Kijana alihama, lakini hakukatwa. Alilala kwa wenzake, akarudi kula kwa mama yake. Tena hakuja peke yake, bali pamoja na rafiki zake, wakizunguka kwa mama wa huyu na wa yule. Shamba la baba aliendelea kulilima mpaka alipooa. Basi katika kuhama kwake alikuwa na mambo mawili yasiyohama: chakula cha mama na wenzi wa rika.

Hata nchi nzima ilipobadilika, wazee walipowakabidhi wana wao utawala katika sherehe iitwayo ubusoka, mioto ya zamani ilizimwa yote, na moto mpya ukapekechwa. Kati ya moto wa zamani na moto mpya palikuwa na saa ya majivu. Wazee hawakuiogopa saa hiyo. Waliiweka ndani ya sherehe yenyewe.

Kanisa nalo lilipita katika saa kama hiyo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yaliitwaa nchi hii, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Wakristo walibaki bila wale waliowazoea kuwaongoza. Lakini ibada hazikukoma. Wazee wa kanisa na walimu wenyeji walizishika, mpaka walipokuja wamisionari wa Uskochi kuwasaidia, na baadaye, katika miaka ya 1920, Wamoravian wakarudi. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba Mungu hakuondoka pamoja na wageni.

Maandiko nayo yatufundisha vivyo hivyo. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, wingu lilipotua, walipiga kambi, hata kama ni kwa siku mbili au kwa mwezi; lilipoinuka, walisafiri. Kambi ilikuwa sehemu ya safari, wala Mungu hakuwangojea Kanaani tu. Tena nabii Eliya, alipokimbia na kuomba afe chini ya mti, hakukaripiwa kwanza. Alilala, akaamshwa, akala, akanywa, akalala tena. Baada ya hayo ndipo alipokwenda mlimani akaisikia sauti ya upole. Mkate na usingizi vilitangulia sauti.

Sisi wenyewe tulichelewa kulijua jambo hili. Tulipopelekwa kufundisha mara ya kwanza, mbali na kwetu, tulifanya kazi usiku na mchana tupate kusahau upweke. Sala tuliiacha kwa kuwa hatukuwa na nafasi, na watoto tuliwafokea bila sababu. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alituona, akasema, "Mwanangu, njoo ule." Tulikula ndizi nyumbani kwake jioni ile, na jioni nyingi baadaye. Hakutuhubiri. Lakini usiku ule tulilala, na asubuhi tukaweza kuomba tena.

Basi, wewe uliye katikati ya kuhama, twakushauri mambo matatu. Kwanza, usiamue jambo kubwa siku ya uchovu, ikiwa laweza kungoja. Pili, tafuta meza moja ambapo watu watakujua kwa jina, ukale pamoja nao. Tatu, shika saa moja isiyobadilika, asubuhi au jioni, ya kusoma neno moja na kunyamaza mbele za Mungu. Neno moja latosha: Wamoravian wamekuwa wakichapa kitabu kidogo cha neno la kila siku tangu mwaka 1731, na mwanzo wao ni wakimbizi walioacha kwao.

Na wewe usiyehama mwaka huu, tazama jirani yako mgeni. Labda pumziko analomwomba Mungu limo katika chungu chako.

Kwaherini.