Samaki wa Baridi katika Joto la Nyali

Ingia nyumba kadhaa za huku Nyali, na katika mojawapo hukosi kukuta bakuli la kioo la duara kando ya televisheni, na ndani yake samaki wawili watatu wekundu wakizunguka. Hao ndio samaki wa dhahabu. Asili yao ni Uchina, ambako watu wamekuwa wakiwafuga kwa kuwachagua rangi tangu miaka elfu moja iliyopita na zaidi.

Shida ni kwamba kiumbe huyu ni wa maji baridi. Raha yake ni maji ya digrii 18 hadi 23. Sasa huku kwetu, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, maji yaliyomo chumbani hufika digrii 29 au hata 30. Basi samaki ambaye akitunzwa vyema huishi miaka kumi na kupita, hapa hufa kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Watoto hulia, na baba hurudi dukani kununua wengine wa kuja kufa.

Wengi hudhani kuwa samaki hao wamepikwa na joto. Sivyo hasa, na hapo ndipo nataka tuelewane, msomaji.

Mwezi wa Machi mjukuu wa jirani yangu alinijia mbio. "Shikamoo babu! Njoo uone, samaki wetu wana kiu!" Nikamfuata. Kweli, samaki watatu walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wakipiga mafunda kama watu waliotoka shamba. Nyanyake alikuwa amesimama na sahani ya barafu, tayari kutia kipande cha tatu.

"Dadangu," nikamwambia, "hebu iweke hiyo barafu kwanza. Una pampu ya hewa?"

Kiu ile ilikuwa ya hewa. Lita moja ya maji ya digrii 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 30 hubeba saba na nusu tu. Na wakati huo huo mwili wa samaki, kwa lile joto, unafanya kazi kwa kasi na kudai hewa zaidi. Pato linapungua, matumizi yanaongezeka.

Tena kuna sumu. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia kupitia mashavuni, na sehemu ya amonia iliyo kali huzidi karibu mara mbili maji yatokapo digrii 20 kufika 30. Anayetumia maji ya kisima ajihadhari zaidi, maana ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya chokaa huizidisha sumu hiyo ukali.

Barafu je? Hupoza maji kwa ghafla, ikayeyuka, na baada ya saa moja joto limerudi pale pale. Samaki hutupwa huku na huku, naye hawezi kabisa mabadiliko ya haraka.

Dawa yenyewe wazee wetu walikuwa nayo ukumbini: mtungi. Mtungi hutoka jasho, upepo hulikausha, na maji ya ndani hupoa. Tangi la kioo halitoki jasho, lakini uso wa maji upo. Ondoa kifuniko, weka wavu ili samaki wasiruke nje, kisha elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Utashusha digrii mbili au tatu, polepole na bila kishindo. Siku za Aprili, hewa ikiwa nzito kwa unyevu kabla ya mvua, utapata pungufu ya hapo. Maji yatapungua tangini. Jaziliza kila asubuhi kwa maji ya mfereji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi, klorini ipate kutoka.

Lile bakuli la duara, ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku. Mdomo wake ni mdogo, na hewa huingilia mdomoni. Samaki wawili wapewe tangi pana la lita 100 lenye pampu ya hewa na chujio. (Wakaao ghorofani wakumbuke kuwa lita 100 ni kilo 100, mbali na kioo chenyewe, meza ya chai haitafaa.) Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili vijidudu vya kula amonia vizaane ndani ya chujio. Kwa hiyo sponji la chujio lioshwe kwa maji ya tangi lenyewe. Ukiliosha kwa maji ya mfereji, klorini itawaua wote.

Chakula kiwe kidogo. Samaki huyu hana tumbo la kuwekea akiba, hata hivyo ataomba kila akuonapo. Usimwonee huruma.

Umeme ukikatika usiku wa joto, chukua kikombe, teka maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Yule mjukuu sasa ndiye fundi wa kazi hiyo nyumbani kwao, na samaki wawili kati ya watatu wangali hai.

Kusi inapokaza, mwezi wa Julai, tangi langu husoma digrii 25 bila msaada. Hapo huzima feni, nikaongeza chakula kidogo, na samaki huanza kufukuzana tangu alfajiri.