Droo Nazo Huchimbuliwa

Ukimpeleka mtoto Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira, Kampala, huenda akakuuliza: mbona hakuna wale reptilia wakubwa wa baharini? Swali ni zuri, na jibu lake limo kwenye miamba.

Iktiosauria, plesiosauria na mosasauria hawakuwa samaki wala dinosauria. Walivuta hewa kwa mapafu, na miguu yao ilikuwa imegeuka makasia. Wa mwisho wao walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Sehemu kubwa ya miamba ya Uganda ilikwisha kuumbika kabla yao. Ile maarufu kwa visukuku, ya Napak na Moroto kule Karamoja, ilikuja baadaye sana: ina miaka milioni 20 hivi, na imetupatia mabaki ya sokwe wa kale.

Reptilia wa majini aliye jirani yetu alipatikana Tanga. F. P. Mennell aliyagundua mabaki yake mwaka 1922, na miaka miwili baadaye Sidney Haughton akamwita Tangasaurus mennelli. Aliishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosauria. Mkia wake, bapa kama kafi, ndio unaotuambia kwamba alikuwa muogeleaji.

Hata hivyo, kuokota mfupa ni nusu ya kazi. Kati ya 1978 na 1980 wachimbaji walitoa taya na meno ya mnyama mla nyama huko Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Yalikaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi zaidi ya miaka 30, hadi mtafiti Matthew Borths alipoifungua na kuyatambua. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens walimtangaza kwa jina la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika, mwindaji wa miaka milioni 22 iliyopita.

Umri wake uliweza kujulikana kwa sababu mfupa ulitunzwa pamoja na kumbukumbu ya mahali ulipotoka. Tabaka la mwamba ndilo linalotoa umri; mfupa uliong'olewa bila kumbukumbu hiyo hupoteza nusu ya habari zake.

Basi ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe. Piga picha, weka alama mahali pale, kisha uwaarifu Makumbusho ya Uganda. Nasi tudai ghala zao zipewe fedha, kabati imara na wataalamu vijana, kwa maana ugunduzi ujao huenda umekwisha kuokotwa, unasubiri wa kuutambua.