Mzigo wa Kilo Moja Angani

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alibeba frasila mbili hivi. Setilaiti ya kwanza ya Kenya ilikuwa na kilo moja na ushei: kisanduku cha sentimita 10 kila upande, ambacho mama wa Cheyo angekitia kikapuni pamoja na nyanya.

Chuo Kikuu cha Nairobi kiliitengeneza kwa majaribio, nao Wajapani wakaiachia angani tarehe 11 Mei, 2018. Huko hakuna hewa. Kila dakika 90 hivi chombo huunguzwa na jua, kisha hugandishwa gizani. Kamera iliyo nzima maabarani yaweza kufa huko. Na ife ya kisanduku, si ya mtambo uliomeza fedha za wakulima!

Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, kubwa zaidi, ya kutazama mashamba.