Msosi wa bibi haupimiki? Mimi nimeupima!

HIVI wewe kijana wa mjini, kile chakula ambacho ukiumwa, ukiachwa au ukifukuzwa kazi ndicho roho inakililia, unaweza kukipika mwenyewe? Usinijibu haraka. Sizungumzii chipsi mayai. Chipsi mayai hata mimi naziheshimu, zimetulea wengi tulipoanza kupanga chumba. Nauliza kile cha nyumbani kwenu, alichofundishwa bi mkubwa na mama yake, na mama yake naye akafundishwa na mtu ambaye wewe unamjua kwa jina tu.

Juzi niliwatupia swali hilo washkaji zangu kijiweni. Kila mmoja alikitaja chake bila kufikiri. Makande. Mtori. Mlenda na dagaa. Mmoja, mtu wa Tanga kama mimi, akafumba macho kabisa na kutaja bada la muhogo na samaki wa nazi. Nikauliza, haya, nani anajua kupika alichokitaja? Zogo likakatika. Jamaa mmoja akajitetea, "Mimi fani yangu kula."

Tulicheka, lakini katika ukoo wetu jambo hili limeshatutoa machozi. Mama yangu mkubwa alikuwa bingwa wa mkate wa kumimina. Alifariki mwaka 2019, na mkate ukaondoka naye. Si kwamba hatujui kinachotiwa. Tunajua vyote: mchele unaloweshwa usiku kucha, unasagwa na tui, inatiwa hamira, sukari na hiliki, unaachwa uumuke, ute wa yai unafuata, kisha unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mabinti zake wamejaribu Idi tatu mfululizo. Mara unatoka mgumu kama sabuni ya mche, mara unadidimia katikati. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Marehemu alikuwa akifunua bakuli, anatazama mapovu, ananusa, halafu anasema "bado" au anasema "leteni moto". Alikuwa akiona nini kwenye yale mapovu? Hakuna aliyemuuliza alipokuwa hai. Kila mtu alikuwa anasubiri kula.

Ndipo nilipoamua kufunga safari kwenda Muheza kwa bibi mzaa mama, ambaye amevuka miaka 80 na macho yameanza kumsaliti. Nilibeba mizani ndogo ya jikoni, kikombe cha kupimia, vijiko na daftari.

KIASI NI KIASI GANI?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunioa au umekuja kula?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza kupika kisamvu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa mila za zamani mwanamume jikoni ni kituko, tena mwanamume mwenye mizani ndiyo kabisa. Akawaita majirani waje waone. Walikuja, na hawakuondoka mpaka chakula kilipoiva.

Sasa sikia mtihani nilioupata. Nauliza, bibi, nazi ngapi? "Kadiri ya kisamvu." Kisamvu kiasi gani? "Kadiri ya watu." Na chumvi je? "Ya kutosha." Ya kutosha ni ngapi? "Ikitosha utajua." Kwa mwendo huo ningerudi mjini na daftari tupu. Msomaji, mbinu iliyoniokoa nakupa bure: usiulize, kinga. Kila alipotaka kutia kitu chunguni, nilitanguliza bakuli chini ya mkono wake. Kinadondokea kwenye bakuli, nakipima, naandika, halafu ndiyo kinaingia chunguni. Ile chumvi ya vidole vitatu anayosema ni "kidogo tu" ilijaza kijiko cha chai, na aliitia mara mbili. Lile "fungu" la kisamvu kilichokwisha kutwangwa lilikuwa vikombe vinne. Nazi zilikuwa mbili kubwa, zimekunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu: tui zito kikombe kimoja na nusu, tui jepesi vikombe vitatu. Vitunguu maji viwili. Kitunguu saumu punje sita, kikatwangwa pamoja na majani.

Mara ya kwanza alinuna akiona namchelewesha. Mara ya tano akaanza kuupenda mchezo, akawa anakisia kabla sijapima. Alipatia zaidi ya nusu!

Majani nayo yana siri. Bibi anachuma yale machanga ya kileleni tu, na akipata mti wa mpira, ule mmea wa jamii ya muhogo wenye majani mapana, hahangaiki na muhogo wa kawaida. Anayatwanga kwenye kinu mpaka yalainike kabisa na kutoa maji. Nikamwambia mjini tunatumia blenda. Akauliza hiyo blenda inatwanga au inakata? Nikasema inakata. "Basi mnakula majani," akasema, na majirani wakapiga vigelegele. Mimi nasema blenda si dhambi, ilimradi uisage mpaka iwe laini kweli, na usikimbilie kuinjika.

MVUKE WA KWANZA

Hapa ndipo nakutaka ukae vizuri. Kisamvu kilipowekwa jikoni na maji, nilichukua mfuniko nifunike ili gesi, samahani, kuni zisiishe. Bibi akanipiga mkono. "Acha wazi. Mvuke wa kwanza si wetu, uache uende zake." Kikachemka wazi hivyo hivyo. Kwa saa yangu ilifika saa moja na robo kabla hajakubali hata kuiangalia nazi.

Mtoto wa mjini angesema hizo ni imani za wazee. Lakini wataalamu wa chakula watakuambia kwamba bibi ana haki. Muhogo, hasa majani yake, una kemikali ambazo zikivunjika hutoa sayanidi, ile sumu unayoisikia kwenye filamu za majasusi. Ukitwanga sana, unauvunja mmea na kuiachia sumu itoke. Ukichemsha wazi, inaruka na mvuke, kwa sababu sumu hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu za sentigredi, yaani chini ya joto la mchana la Dar es Salaam. Kwa hiyo kinu na sufuria isiyofunikwa ni sehemu ya mapishi kama ilivyo nazi. Bibi hajawahi kusikia neno sayanidi. Alimsikia mama yake.

Na pale watu wanapolazimika kuruka hatua, matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1981 ukame ulipiga mkoa wa Nampula kule Msumbiji, watu wakabaki na muhogo mchungu peke yake, njaa ikawanyima muda wa kuuandaa inavyotakiwa. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Hapa kwetu, mwaka 1985, ugonjwa huo huo ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Unaitwa konzo, neno la Kiyaka la kule Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Unakuja ghafla, na miguu ikishakakamaa hairudi ilivyokuwa. Wale watu hawakuwa wajinga, muhogo walikuwa wanaujua. Njaa iliwafanya waandae kwa siku moja kile ambacho wazee wao walikiandaa kwa siku kadhaa za kuloweka, kuvundika na kuanika. Sisi wa mjini hatuna ukame, tuna haraka tu.

Sikutishi uache kisamvu, la hasha! Nakutaka ukile kilichopikwa kama anavyopika bibi. Baada ya ule mchemsho, mimina tui jepesi na vitunguu, kipike mpaka tui likaribie kukauka. Punguza moto, tia tui zito, koroga bila kuacha lisikatike. Chumvi mwishoni. Wengine hutia karanga zilizosagwa badala ya nazi, kikombe kimoja kinatosha kwa kiasi kile nilichokutajia. Magadi bibi hataki hata kuyasikia, anasema yanaua ladha, na mimi nimesimama upande wake.

Niliporudi Dar mkono ulikuwa unawasha kutaka kupima kila kitu. Jirani yangu mmoja, mama wa Kichaga kutoka Machame, bintiye alikuwa amejifungua. Kwa Wachaga mzazi hapewi chai na mkate akaachwa hivyo. Anapewa mtori. Nikaomba ruhusa ya kusimama mlangoni na daftari langu. Akaniangalia kwa mashaka, akaniambia, "Baba, wewe ingia, lakini menya ndizi."

Nikamenya. Alinipakaza mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikushika utatembea na mikono meusi wiki nzima. Ndizi zenyewe ni mshare, na hapo hakuna mjadala kwake. Alinieleza kwamba ndizi nyingine hukubali kuiva lakini hukataa kupondeka. Zilikuwa 12, nikawa nazitumbukiza kwenye maji kila ninapomaliza moja zisigeuke rangi. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa nusu kilo, imechemshwa peke yake na chumvi mpaka inaachia mfupa. Nyama ikatolewa, ndizi na kitunguu kimoja vikaingia kwenye ile supu. Zilipolainika akaziponda kwa mwiko palepale sufuriani, akatia siagi kijiko kimoja kikubwa, akairudisha nyama ikiwa imechambuliwa vipande vidogo.

Ule mtori wa asubuhi tunaokunywa kwa mama ntilie huwa mzito, wa kushindana na chapati. Wa mzazi huwa mwepesi, wa kunywa kwenye kikombe, kwa sababu mtu aliyetoka kujifungua anahitaji maji mengi na hana nguvu za kutafuna. Ukiusaga kwa blenda utapata gundi ya kubandikia mabango. Nimeona kwa jamaa mmoja, sitamtaja, ana mke.

Wakati sisi tunaona aibu kuulizia vyakula hivi, wenzetu wameshaanza kuvilinda rasmi. Mwaka 2017 Malawi waliipeleka nsima yao, ndugu wa damu wa ugali wetu, ikaandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Mwaka 2021 juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili zikatambuliwa na shirika hilo hilo. Hongera zao. Ila hakuna ofisa wa UNESCO atakayekuja Muheza kukinga bakuli chini ya mkono wa bibi yangu.

Kwa hiyo kama mzee wako bado yupo, mfuate jikoni. Peleka sukari na sabuni, usiende mikono mitupu. Simu iwashe irekodi, lakini usiitegemee peke yake: simu haitakuambia uzito wa unga wala harufu ya hamira iliyokomaa. Na muulize hasa lile la "bado". Bado kwa nini? Unaona nini hapo? Mimi nilimbana bibi na swali hilo kwenye tui, akafikiri sana, mwisho akasema anaangalia pembeni mwa chungu: mafuta ya nazi yakianza kujitenga na kung'aa, kimeiva. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nimalizie na makande, maana najua wako watakaosema kisamvu na mtori vina kazi nyingi. Makande hayakuombi mambo mengi, yanakuomba muda. Mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili kwa maharage kikombe kimoja, loweka usiku kucha kila kimoja na bakuli lake, asubuhi mwaga yale maji. Mahindi yatangulie jikoni kama saa moja na nusu, ndipo maharage yafuate, kwa moto mkali. Usiniletee habari za kuyaweka kwenye moto wa kubembeleza tangu mwanzo. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya kutapisha, na ukiyapasha tu bila kuyachemsha sawasawa yanaweza kuwa makali kuliko yakiwa mabichi. Yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo upunguze moto uendelee na mambo yako mpaka yalainike. Presha kuka ruksa.

Halafu yagawe. Ya leo yatie kitunguu, nyanya na tui. Ya kesho yatoe kabla hujatia nazi, maana tui linachacha upesi, uyaweke kwenye friji. Asubuhi kaanga kitunguu mpaka kiwe na rangi, yamwage humo, yapashe mpaka yaanze kushika chini ya sufuria, na chai ya rangi iwe imeshachemka.