Bwawa Kuukuu Halikaushwi Ovyo

Bwawa la kuogelea lililojaa maji halimtishi fundi. Likimwagwa ndipo anapoanza kuangalia mawingu, hasa kama bwawa lenyewe lilijengwa kabla mwenye nyumba hajazaliwa. Los Angeles na viunga vyake vina mabwawa ya uani ya kila umri, na mafundi wa huko wanaijua vizuri ajali hii: maji yamemwagwa ili lipu ipigwe upya, mvua inanyesha usiku kucha, na kunapokucha bwawa zima limenyanyuka kutoka ardhini, kingo ziko juu ya nyasi na mabomba yamekatika.

Hesabu yake si ngumu. Chukua bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Likijaa, lina tani 48 za maji. Sakafu na kuta zake, zikiwa za zege la unene wa sentimita 15, zina uzito wa tani 25 hivi. Maji ya ardhini yakipanda kulizunguka, zege hilo husukumwa juu kwa kanuni ileile ya Archimedes inayofanya meli zielee. Kwa vipimo hivi, maji yakifika sentimita 70 tu juu ya kitako cha bwawa, uzito wa zege peke yake hautoshi tena kulishikilia. Msuguano wa udongo husaidia kidogo. Kinacholituliza hasa ni zile tani 48 zilizomo ndani.

Wajenzi walilijua hilo, na katika mabwawa mengi waliweka valvu ndogo sakafuni. Maji ya nje yakizidi nguvu, valvu hufunguka yenyewe na kuyaingiza bwawani. Lakini kwenye bwawa la miaka 50, valvu hiyo mara nyingi imezibwa na mchanga au imegandishwa na chokaa. Pengine fundi wa zamani aliifukia chini ya lipu mpya, akidhani ameziba tundu linalovuja.

Tatizo ni kwamba karibu kila ugonjwa wa bwawa kuukuu huishia kwenye ushauri mmoja: mwaga maji, anza upya. Mwenye bwawa huambiwa hivyo maji yakizidi chokaa, dawa ikikataa kufanya kazi, au lipu ikianza kubanduka. Tiba ya kila ugonjwa ndiyo hiyohiyo inayoweza kulimaliza bwawa.

Mabwawa haya ya zege yana asili ya ajabu kidogo. Carl Akeley alikuwa fundi wa kuwambia ngozi za wanyama katika jumba la makumbusho la Field, jijini Chicago. Jengo la makumbusho hayo lilikuwa limebaki kutoka kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1893, na lipu yake ya nje ilikuwa ikidondoka. Mwaka 1907 Akeley alibuni mashine ya kurusha saruji na mchanga ukutani kwa hewa yenye shinikizo, na mwaka 1911 akapata hataza yake. Mabwawa ya kuogelea hayakuwa akilini mwake. Alikwenda Afrika tena na tena, akapigania gorila wa milimani watengewe hifadhi, na Novemba 1926 akafariki kwa maradhi kwenye mteremko wa mlima Mikeno, Kongo, ndani ya hifadhi ambayo leo ni sehemu ya Virunga. Alizikwa hukohuko.

Huku nyuma mashine yake iliendelea na safari. Zege la kurushwa halihitaji mbao za kulishikilia kila upande, kwa hiyo mjenzi anaweza kuchimba shimo la umbo lolote, kulitandazia nondo na kulirushia zege. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, California ikajaa mabwawa yaliyopinda. Bwawa la bustani ya Donnell huko Sonoma, lililokamilika mwaka 1948 kwa michoro ya Thomas Church, ndilo lililolipa umaarufu umbo la figo. Ukame wa mwaka 1976 na 1977 ulipoacha mabwawa mengi makavu, vijana wa Santa Monica waliruka nyua za watu wakateleze kwa skeitibodi kwenye kuta hizo za mviringo. Kuta za pembe mraba zisingewafaa kitu. Na bila shaka ardhi nayo ilikuwa kavu. Mwaka wa mvua baadhi ya viwanja vyao vingeelea.

Zege lenyewe haligusani na maji. Juu yake hupakwa lipu nyeupe ya saruji na vumbi la marumaru, unene wa sentimita moja hivi, na hapo ndipo vita vya kila siku vinapopiganwa. Saruji ina chokaa. Maji yasiyo na chokaa ya kutosha huichukua popote yanapoikuta, na bwawani yanaikuta kwenye lipu. Yakiwa nayo kupita kiasi, huitua kwenye vigae, mabomba na kifaa cha kupashia maji joto. Mwaka 1936 Wilfred Langelier, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa njia ya kukokotoa maji yana njaa au yameshiba kwa kutumia kiwango cha pH, joto, chokaa na chumvi zilizoyeyuka. Alikuwa akifikiria mabomba ya maji ya miji. Leo kipimo chake kinatumiwa na mafundi wa mabwawa.

Miaka ikipita, lipu iliyoliwa hukwaruza nyayo za watoto na kuacha vishimo vidogo ambamo mwani mweusi hujificha. Mwani huo kwa kweli ni jamii ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua, na tabaka lao la juu huwakinga walio chini dhidi ya dawa. Mwenye bwawa husugua kwa brashi ya chuma, doa likafifia, kisha likarudi palepale. Doa la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu ni habari mbaya zaidi. Fundi akiligonga kwa tindo, kipande cha lipu hudondoka, na nyuma yake kuna ncha ya nondo iliyowekwa karibu mno na uso wa zege. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo ikishika kutu hupasua zege kutoka ndani. Kupaka rangi juu ya doa hilo ni kupoteza fedha. Lazima zege lichimbwe, chuma kikatwe au kisafishwe, ndipo pazibwe.

Halafu kuna klorini. Ikiingia majini hugawanyika sehemu mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo huua vijidudu haraka, na nduguye ambaye ni mzito wa kazi. Maji yakiwa na pH ya 7.5, zinagawana nusu kwa nusu. pH ikipanda hadi 8, asidi hubaki kama robo tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kumimina dawa kila jioni na bado akaamkia maji ya kijani. Na ile harufu kali ambayo wengi huiita harufu ya klorini si ya klorini safi. Ni ya kloramini, zinazotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Bwawa linalonuka sana mara nyingi linahitaji klorini zaidi.

Jua nalo lina hamu na klorini. Mchana wa jua kali, nusu ya klorini isiyokingwa huweza kupotea katika muda usiozidi saa moja. Kinga yake ni asidi ya sianuriki, nayo imo ndani ya vile vidonge vyeupe vinavyoachwa vielee bwawani vikiyeyuka taratibu. Uvumbuzi mzuri, ila una kasoro: klorini hutumika ikaisha, sianuriki hubaki. Kwa kila miligramu 10 za klorini kutoka kwenye vidonge hivyo katika lita ya maji, hubaki takriban miligramu 6 za sianuriki. Bwawa linalotumia miligramu 2 kwa siku hujikusanyia zaidi ya 30 kwa mwezi, wakati kiasi kinachopendekezwa na wengi ni kati ya 30 na 50. Ikizidi sana, huikamata klorini kiasi kwamba kipimo kinaonyesha dawa ipo, lakini mwani unaota vilevile. Katika majira marefu ya joto kama ya California, bwawa lililotegemea vidonge tu linaweza kufika huko kabla mwaka haujaisha. Agosti 2020, baada ya Kimbunga Laura, kiwanda kimojawapo cha vidonge hivyo karibu na Lake Charles, Louisiana, kiliteketea. Mwaka uliofuata vidonge viliadimika na bei ikapaa, na watu wengi wakalazimika kujifunza kutumia klorini ya maji, ambayo haina sianuriki. Pengine hayo yalikuwa manufaa pekee ya moto ule.

Chokaa hujilimbikiza kwa njia yake. Maji yanapopaa kwa jua, yanayoondoka ni maji matupu; chumvi na chokaa hubaki. Kusini mwa California bwawa lisilofunikwa hupoteza zaidi ya mita moja ya maji kwa mwaka, na yanayojazwa badala yake mara nyingi yana sehemu ya maji ya mto Colorado, ambayo ni magumu. Kila ujazo unaongeza chokaa juu ya chokaa. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki nako, mwenye bwawa Nyali au Masaki anayetumia kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe anaujua mstari mweupe unaojichora kwenye vigae usawa wa maji.

Lakini maji yakipungua, yamepaa au yamevuja? Jibu linapatikana kwa ndoo. Ndoo hujazwa maji ya bwawa na kuwekwa kwenye ngazi ya kwanza, mdomo ukiwa juu ya maji. Alama moja huwekwa ndani yake usawa wa maji yaliyomo, nyingine nje usawa wa maji ya bwawa. Baada ya saa 24, kama maji yameshuka sawa kutoka kwenye alama zote mbili, ni jua na upepo. Bwawa likiwa limeshuka zaidi, kuna tundu. Tofauti ya sentimita moja kwenye bwawa lililotajwa mwanzoni ni lita 320 kwa siku zinazoingia ardhini, zikilainisha udongo ulioshikilia zege. Jaribio hurudiwa pampu ikiwa imezimwa. Uvujaji ukipungua, kuna sababu ya kushuku bomba, na katika mabwawa ya zamani baadhi ya mabomba ni ya shaba au chuma, yamefukiwa chini ya sakafu ambayo hakuna anayetaka kuivunja. Shaba inayoliwa na asidi ndiyo pia inayogeuza nywele za rangi ya dhahabu kuwa za kijani. Klorini inasingiziwa tu.

Kuhusu pampu, wamiliki wa zamani waliamini kubwa ndiyo bora. Fizikia inasema vingine: mzunguko wa pampu ukipunguzwa nusu, mtiririko hupungua nusu, lakini umeme unaohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane. Hata ikifanya kazi kwa muda maradufu, kwa nadharia inakula robo tu ya umeme wa awali. Tangu Julai 2021 kanuni za serikali kuu ya Marekani zimeziondoa sokoni nyingi kati ya pampu mpya za mwendo mmoja za ukubwa wa kawaida. Nguvu kubwa ya kuvuta ina ubaya mwingine, usiohusiana na bili. Mwaka 2002 Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, mjukuu wa waziri wa zamani wa mambo ya nje James Baker, alinaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji akazama. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Desemba 2007, lakini masharti yake makuu yanahusu mabwawa ya umma. Bwawa la uani lililojengwa zamani linaweza bado kuwa na tundu moja lenye kifuniko bapa, na hili ndilo rekebisho lisilopaswa kusubiri fedha ya lipu.

Kinachotokea bwawa likiachwa kabisa kilionekana Bakersfield, California, mwaka 2007. Mikopo ya nyumba iliwashinda watu, na hati za kuchelewa kulipa zikaongezeka kwa asilimia 300. Nyumba zilihamwa, umeme ukakatwa, pampu zikasimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Emerging Infectious Diseases uliyahusisha mabwawa yaliyotelekezwa na ongezeko la asilimia 276 la wagonjwa wa virusi vya West Nile katika majira hayo ya joto. Virusi hivyo, vinavyoenezwa na mbu, viligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile, Uganda, na ndiko vilikopata jina. Wadhibiti wa mbu hutumia picha za angani kutafuta mabwawa ya kijani, kisha huyatilia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi.

Wamiliki wengine huchoka, wakaamua kulifukia. Hilo nalo lina taratibu zake. Kwanza hutobolewa matundu sakafuni, kwa sababu zege lisilotobolewa litashika maji ya mvua na kugeuza bustani kuwa kinamasi. Sehemu ya juu ya kuta hubomolewa, kifusi hutupwa chini, kisha udongo huingizwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Siku nyumba itakapouzwa California, mwenye nyumba anatakiwa kumweleza mnunuzi kwamba chini ya ile bustani kuna bwawa, kwa kuwa hapo kwa kawaida hapajengwi chumba cha ziada mpaka zege lote lichimbuliwe na kuondolewa.