Kabla ya Kuzima Taa, Hesabu Riba

Mtu akibanwa na deni, ushauri wa kwanza anaopewa na ndugu na majirani ni kubana matumizi: zima taa, acha kupiga pasi kila siku, punguza hiki na kile. Si ushauri mbaya, ila mara nyingi unaanzia padogo. Katika nyumba ya kawaida ya Rumonge, Burundi, yenye umeme wa Regideso, taa zinakula kidogo kuliko vifaa karibu vyote. Umeme wenyewe huenda ukagharimu kidogo kuliko makaa, na makaa kidogo kuliko riba. Inafaa kujua uzito wa kila kimoja kabla ya kuanza kuwagombeza watoto kwa sababu ya swichi.

Umeme ndio rahisi kupima. Mita ya Cash Power inahesabu kwa kilowati-saa, yuniti kwa lugha ya mtaani: kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja, yuniti moja imekwenda. Geuza kifaa, soma wati zake kwenye kibandiko, zidisha kwa saa unazokitumia kwa siku, kisha gawanya kwa 1,000. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano inakula yuniti 0.3; ya LED ya wati 9, kwa muda huohuo, 0.045. Aliyekwisha kubadili balbu hana tena cha maana cha kuokoa kwenye taa.

Lakini king'amuzi je? Watu huzima televisheni kwa rimoti wakaenda kulala, king'amuzi kikabaki macho. Tuseme kinavuta wati 10 tu, usiku na mchana. Hizo ni yuniti 0.24 kwa siku, zaidi ya 7 kwa mwezi, na balbu tano za LED zikiwaka saa tano kila usiku hazifiki hapo. Ingia sebuleni usiku wa manane, taa zote zikiwa zimezimwa, uguse vyombo kimoja kimoja kwa kiganja. Chochote kilicho na uvuguvugu kinakula yuniti zako.

Chombo cha kukitazama hasa, hapa kwenye joto la Ziwa Tanganyika, ni friza. Wengi wenye friza huitumia kuuza maji baridi, juisi na barafu, au kuweka samaki aina ya mukeke wa kuuza kesho, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Kushusha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi sifuri ni kazi ndogo. Kuyageuza maji hayohayo ya nyuzi sifuri kuwa barafu ni kazi zaidi ya mara tatu ya hiyo, hata kama kipimajoto hakisogei. Anayeuza barafu kwa faida ileile anayopata kwenye chupa ya maji baridi anamlipia mteja umeme bila kujua. Barafu lazima iwe na bei yake.

Friza hiyohiyo inapoteza umeme kwa njia ambazo hazihitaji fundi kuziona. Bana karatasi kati ya mfuniko na mwili wa friza kisha uivute: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi inavuja. Usiibandike friza ukutani wala kuiweka chini ya bati linalopigwa na jua la mchana, maana joto linalotolewa nje linahitaji pa kwenda. Nafasi tupu ndani ijaze chupa za maji. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kukaa na baridi yake hadi siku mbili umeme ukikatika. Iliyojaa nusu, kama siku moja.

Na umeme utakatika. Sehemu kubwa ya umeme wa Burundi inatoka kwenye mito: Rwegura yenye megawati 18, Mugere, mabwawa ya Ruzizi, na huku kwetu Ruzibazi. Kiangazi kikiingia mwezi wa Juni, maji yanapungua na mgao unazidi. Ukikatika, chomoa friza, na ukirudi ngoja dakika chache kabla ya kuichomeka. Mota iliyoungua kwa mshtuko wa umeme unaorudi itakupeleka kukopa upya, na hapo yuniti zote ulizookoa mwaka mzima zitakuwa zimekwenda kwa fundi.

Jambo jingine dogo kuhusu mita. Bei ya nyumbani hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, kwa hiyo tunza risiti na ulinganishe: pesa zilezile zimekupa yuniti ngapi mwanzo wa mwezi, na ngapi mwisho wake? Ukiona zimepungua, umevuka ngazi. Nyumba mbili zinazochangia mita moja huvuka mapema, hata kama kila moja inatumia kidogo.

Jikoni ndiko kwenye pesa nyingi zaidi, na huko watu wengi hawana umeme hata kidogo. Ni Mrundi takriban mmoja tu kati ya kumi aliyeunganishwa, na hata aliyeunganishwa kwa kawaida hupikia makaa. Resho ya wati 1,500 ikipika maharage saa tatu inakula yuniti 4.5 kwa chungu kimoja, kwa hiyo simlaumu anayerudi kwenye mbabula. Basi aipangie mbabula yake. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema kuliko makavu. Chungu kisicho na mfuniko kinachemsha hewa ya uwanjani. Mbabula yenye kikombe cha udongo ndani, ya aina iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, inapunguza makaa kwa theluthi au zaidi ukilinganisha na ya bati tupu. Na acha kununua makaa kwa kikopo kila jioni kama unaweza kuungana na jirani mkanunua gunia. Bei ya kikopo imebeba faida ya kila aliyeligusa gunia hilo tangu mlimani.

Tuseme sasa nyumba imebana hivi na vile, ikapata nafuu ya faranga 5,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo, na ikibaki mfukoni itageuka soda na vocha. Uzito wake unaonekana pale tu inapokutana na deni.

Deni linalowaumiza watu wa pwani hii, kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac, na ng'ambo huko Uvira pia, ni lile la Banque Lambert. Jina ni la benki ya Ubelgiji ya zamani, lakini biashara ni ya mtu binafsi anayekopesha bila kibali cha Benki Kuu, kwa asilimia 20, 30, hata zaidi, kwa mwezi mmoja. Rehani huwa kitambulisho, hati ya kiwanja, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Chukua deni la faranga 100,000 kwa asilimia 20. Ukilipa riba peke yake, baada ya mwaka umetoa 240,000 na bado unadaiwa 100,000 zilezile. Ukilipa 25,000 kila mwezi unamaliza mwezi wa tisa, ukiwa umetoa kama 221,000. Ukiongeza zile 5,000 za king'amuzi na makaa, ukalipa 30,000, baada ya miezi sita unabaki na deni la faranga 700, na jumla uliyotoa haifiki 181,000. Umetoa 5,000 kwa miezi sita na kuokoa karibu 40,000. Sijui biashara halali ya Rumonge, iwe ya mawese au ya ndagala, inayorudisha hivyo.

Ndiyo maana mwenye madeni matatu asiyagawie sawasawa. Duka la jirani lisilotoza riba litangoja kwa maelewano. Mkopo wa chama cha akiba cha COOPEC ulipwe kiwango chake kwa wakati, basi. Kila kinachozidi kiende kwenye lile deni la riba kubwa, hata kama si kubwa kwa kiasi.

Tatizo ni kwamba wengi wa wakopeshaji wa Banque Lambert hawapokei mtaji nusunusu. Wanataka riba kila mwezi na mtaji wote siku moja, kwa kuwa riba ndiyo shamba lao. Hapo 5,000 zako hazina pa kuingia, na njia ni kulihamisha deni. Kikundi cha akiba na mikopo ambacho umekuwa ukiweka humo kila wiki, au chama cha akiba kilichosajiliwa, kikikukopesha mtaji wote kwa riba ndogo, mlipe Lambert kwa mkupuo ubaki na deni linaloweza kulipika.

Halafu kuna mwezi, ule wa angani. Uvuvi wa ndagala ni wa taa, na mbalamwezi ikiwa kamili samaki hawakusanyiki, mitumbwi inalala. Nyumba ya mvuvi ina siku kama ishirini za pesa na kumi za ukame, lakini mkopeshaji anafuata kalenda ya ukutani. Nchi zinazolizunguka ziwa zimekubaliana pia kulipumzisha kwa miezi mitatu. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Anayeahidi kulipa tarehe 30 bila kutazama mwezi anaahidi pesa ambayo huenda haijavuliwa. Afadhali kutenga pesa ya deni usiku uleule wa mauzo, kwa simu, kwenye Lumicash au EcoCash ya mwenzi ambaye hatakubali kuirudisha kirahisi, na kununua yuniti za siku za giza na za mbalamwezi kwa pamoja wakati pesa ipo.

Siku ya kulipa ya mwisho usiende peke yako. Chukua shahidi, pesa ihesabiwe mezani, ile karatasi ya deni irudi mkononi mwako au ichanwe mbele yenu, na kitambulisho ukipokee kabla hujaachia noti ya mwisho. Kama ulikuwa umeacha kadi ya benki, nenda benki siku hiyohiyo ukabadili namba ya siri.